Krosi ya lori hununuliwa kwa vipimo, si kwa jina la gari



Viazi vya karai tunavyovila jioni hapa Mombasa havilimwi Kisauni wala Likoni. Vingi hutoka bara, katika kaunti kama Nyandarua, Meru na Nakuru, na huletwa kwa malori hadi soko la Kongowea. Njoro, Molo na Mau Narok ni majina anayoyajua kila mchuuzi wa Kongowea hata kama hajawahi kufika huko. Kutoka Njoro hadi hapa kwetu ni zaidi ya kilomita 600, na safari huanzia kwenye nchi iliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Katika mwendo wote huo, nguvu ya injini huyafikia magurudumu ya nyuma kwa kupitia kipande cha chuma chenye mikono minne ambacho mara nyingi hutosha kiganjani.

Kipande hicho ndicho mada yangu leo. Jina lake la vitabuni ni yunivasal jointi, lakini mafundi wengi hukiita krosi kwa sababu ya umbo lake la msalaba, nami nitafuata jina lao. Nilisomea ufundi wa magari hadi stashahada kabla kalamu haijanivuta, na mambo haya bado hunikereketa. Nimeamua kuyaandika kwa sababu karibuni nilikuwa Njoro, nikashuhudia siku moja na nusu ikipotea kwa jambo ambalo lingetatuliwa kwa dakika tano za kupima. Wenye malori hapa Pwani ni wengi, madereva ni wengi zaidi, na wote hao huulizwa swali lile lile wanapofika dukani: "Ni ya gari gani?" Swali hilo lina manufaa yake, ila halitoshi, na wakati mwingine ndilo linalompoteza mtu.

Krosi hufanya kazi gani

Watu wa bahari wakisikia propela hufikiria ile ya boti. Propela ya lori ni bomba refu la chuma linalolala chini ya gari, kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Giaboksi imefungwa kwenye chesisi, haichezi sana. Difu imekaa juu ya springi, kwa hivyo kila shimo na kila tuta huipandisha na kuishusha. Bomba lililofungwa kwa bolti tupu pande zote mbili lingevunjika siku ya kwanza. Linahitaji kiungo kinachozunguka na huku kikikubali kupinda, mfano wa kifundo cha mkono. Kazi hiyo ndiyo ya krosi.

Wazo lenyewe ni la kale. Limebeba jina la Girolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na ndiyo maana wengine husema kadani. Robert Hooke wa Uingereza alilieleza kwa kina katika karne ya 17. Kwenye magari lilienea kupitia Clarence Spicer, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ambaye alipata hataza yake mwaka 1903, wakati magari mengi yakiendeshwa kwa minyororo kama baiskeli. Jina la Spicer lingali kwenye maboksi ya krosi hadi leo.

Ukiifungua krosi utakuta msalaba wenye mikono minne. Kila mkono umevishwa kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe mna beringi za sindano zilizopangwa kuuzunguka mkono. Vikombe viwili vinavyotazamana huingia kwenye uma wa propela, ambao mafundi huuita yoki. Viwili vingine huingia kwenye uma wa upande wa pili. Kisha kuna kitu cha kuvizuia visitoke, mara nyingi pete ndogo inayoitwa saklipi. Mwisho kuna nipo ya kutilia grisi, ingawa krosi nyingine hufungwa kiwandani zikiwa na grisi ya maisha na hazina nipo.

Yaliyotokea Njoro

Nilikuwa Nakuru kwa shughuli ya arusi, mpwa wangu akanipigia simu. Alikuwa ameshuka na shehena ya viazi kutoka upande wa Mau Narok, na propela ilikuwa ikigonga kila akibadilisha gia. Akalisimamisha lori Njoro. "Mjomba," akaniambia, "fundi ashafungua, krosi imekwisha, lakini mpya aliyoleta inagoma."

Njoro iko karibu kilomita 20 kutoka Nakuru, nikaenda. Lori ni la Kijapani la tani saba, lilinunuliwa likiwa limetumika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amerefusha chesisi ili bodi ibebe zaidi. Propela yake ni ya vipande viwili vyenye senta beringi katikati. Nilimkuta fundi, kijana hodari na mwenye adabu, ameshika nyundo. Krosi aliyoletewa kutoka dukani ilikuwa imeandikwa jina la lori lile lile kwenye boksi. Kikombe kimoja kiliingia vizuri kabisa. Cha pili kikaingia, lakini kikabaki kimechomoza, na mfereji wa saklipi hauonekani.

"Mzee, hii ni ya gari hii hii," akaniambia. "Tukiikandamiza kidogo itaingia tu."

Nikamwomba tuipime kwanza. Upana wa kikombe ulikuwa sawasawa na wa zamani. Urefu ulizidi kwa karibu milimita 10. Kwa tofauti hiyo hata ukipiga nyundo hadi Ijumaa haitakaa. Krosi ikarudishwa dukani, ikaja ya pili usiku. Hii urefu ulikuwa sahihi, ila vikombe vilikuwa vyembamba, vinaingia kwenye uma kwa kusukuma kwa kidole. Hapo likatolewa pendekezo la kuvizungushia bati la kopo. Nikakataa, na sababu nitaieleza.

Asubuhi yake tulipima kila kitu, tukaandika kwenye karatasi, mpwa wangu akaenda nayo dukani pamoja na krosi ya zamani. Muuzaji alipoona vipimo hakuuliza tena jina la gari. Akatoa boksi lililoandikwa jina la lori la aina nyingine kabisa, na ndilo lililoingia. Kipande cha nyuma cha ile propela kilikuwa kimetolewa kwenye lori jingine zamani, pengine wakati chesisi iliporefushwa. Krosi ya mbele na krosi ya nyuma hazikuwa ndugu.

Sisemi duka lilikosea kwa makusudi. Liliulizwa kwa jina, likajibu kwa jina. Lakini viazi havijui hayo. Vilikaa kwenye maturubai siku moja na nusu, na tajiri wa Kongowea alikuwa akipiga simu kila saa.

Mambo matatu ya kupima

Ili upate krosi sahihi unahitaji kujua mambo matatu. Ukikosa moja, mawili yaliyobaki hayatakuokoa.

La kwanza ni upana wa kikombe, yaani kipimo cha nje kutoka ubavu hadi ubavu. Tumia kalipa, kile chombo chenye midomo miwili kinachosoma hadi vipande vya milimita. Safisha grisi na kutu kwanza. Pima vikombe vyote vinne, si kimoja, kwa sababu zipo krosi zenye vikombe viwili vya kipimo hiki na viwili vya kipimo kingine. Hizo hutengenezwa kwa ajili ya kuunganisha propela na uma wa mfumo tofauti, na kwa malori yetu yaliyofanyiwa mabadiliko si ajabu kuzikuta.

La pili ni urefu, kutoka mwisho wa kikombe hadi mwisho wa kikombe kinachokitazama, vyote vikiwa vimesukumwa hadi mwisho kwenye mikono ya msalaba. Pima pande zote mbili za msalaba. Kama krosi ya zamani imevunjika au vikombe vimepotea, pima tundu la uma, kisha umbali kati ya mifereji miwili ya saklipi. Uma hausemi uongo, isipokuwa umelika.

La tatu ni namna krosi inavyozuiwa isitoke. Kuna aina ambayo saklipi hukaa nje ya kikombe, kwenye mfereji uliochongwa ndani ya uma. Kuna aina nyingine ambayo mfereji uko kwenye kikombe chenyewe na saklipi hukaa upande wa ndani wa uma. Hizi mbili hazibadilishani. Kwa aina hii ya ndani, urefu unaopimwa ni umbali kati ya mifereji ya vikombe vinavyotazamana, wala si mwisho wa kikombe hadi mwisho wa kikombe. Wengi hukosea hapo. Kwenye malori makubwa utakuta pia vikombe vinavyoshikwa kwa kibati chenye bolti mbili, au uma wa nusu duara ambao kikombe hukandamizwa kwa mkanda wa chuma. Vikombe vyenye masikio ya bolti vinahitaji kipimo cha ziada, nacho ni umbali wa kati ya matundu ya bolti.

Ukishapata hayo matatu, tazama nipo iko wapi: katikati ya msalaba au kwenye kichwa cha kikombe. Krosi inaweza kuingia vizuri lakini nipo ikaelekea mahali ambapo bomba la grisi halifiki. Krosi isiyotiwa grisi haimalizi mwaka.

Ngazi ya Spicer: mfano wa kuonyesha

Mtu anaweza kuuliza: kwani upana pekee hautoshi? Hebu tutazame mfumo wa Spicer wa Marekani, ambao nambari zake zinajulikana na pia umetumika kwenye malori ya Kihindi. Upana wa kikombe unatangulia, urefu unafuata, vyote kwa milimita.

Nambari 1310: upana 27.0, urefu 81.8.
Nambari 1330: upana 27.0, urefu 92.1.
Nambari 1350: upana 30.2, urefu 92.1.
Nambari 1410: upana 30.2, urefu 106.4.
Nambari 1480: upana 34.9, urefu 106.4.
Nambari 1550: upana 34.9, urefu 126.2.

Isome kama ngazi. Kutoka 1310 kwenda 1330 upana haubadiliki, urefu ndio unaoongezeka. Kutoka 1330 kwenda 1350 urefu ni ule ule, upana ndio unaoongezeka. Halafu tena urefu, halafu tena upana. Kila hatua inabadilisha kitu kimoja na kukiacha kingine. Kwa hivyo anayepima upana peke yake ana njia mbili mbele yake, na anayepima urefu peke yake ana njia mbili pia. Ni anayepima vyote viwili tu ndiye anayefika.

Kwa malori makubwa hali ni ile ile. Nambari 1710, 1760 na 1810 zote zina kikombe cha milimita 49.2. Urefu ndio unaozitenganisha: 154.8, 177.8 na 191.7. Ukizipanga mezani utaona tofauti, lakini ukimtumia muuzaji picha ya kikombe kwa simu hataona chochote.

Malori ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, hayafuati ngazi hii. Yana vipimo vyake na nambari zake. Kwenye maboksi utaona herufi za mwanzo kama GUIS kwa Isuzu, GUM kwa Mitsubishi, GUT kwa Toyota na GUN kwa Nissan, zikifuatwa na nambari. Kama nambari hiyo bado inasomeka kwenye krosi ya zamani au kwenye risiti ya mara iliyopita, umeokoa kazi kubwa. Hata hivyo pima. Nambari hukwambia kilichofungwa mara ya mwisho, na huenda kilichofungwa mara ya mwisho ndicho kilicholeta balaa.

Ukikosa kalipa

Lori huharibika mahali ambapo hapana kalipa. Usikate tamaa. Chukua futi kamba laini ya fundi cherehani, au uzi na rula, uzungushe kikombe mara moja, kisha ugawe kwa 3.14. Kikombe cha milimita 27 kitakupa mzunguko wa karibu milimita 85. Cha 30.2 kitakupa karibu 95. Cha 34.9 kitakupa karibu 110. Tofauti hizo ni kubwa, hata jicho lililochoka litaziona. Kwa urefu, simamisha krosi kati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, vibane vikombe vyote viwili, kisha pima nafasi kati ya mbao.

Njia hii itakusaidia kumweleza mtu wa Nakuru au Mombasa kwa simu akutayarishie. Haitakusaidia kutofautisha krosi zinazopishana kwa nusu milimita. Kwa hiyo krosi ya zamani iende dukani daima, hata kama imeoza kwa kutu, na mpya ipimwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kabla hujailaumu krosi

Kuna hali moja inayowafanya watu warudishe krosi sahihi. Wakati wa kugonga kikombe, sindano moja huweza kuanguka na kulala chini ya kikombe. Kikombe hakitafika mwisho, mfereji wa saklipi hautaonekana, na fundi atasema krosi ni ndefu. Dalili ni ile ile ya krosi isiyo saizi, chanzo ni kingine kabisa. Utajuaje? Pima krosi kabla ya kuifunga. Kama vipimo vilikubaliana na sasa inagoma, toa kikombe utazame sindano. Grisi nzito ndani ya kikombe huzishika zisianguke.

Kinyume chake, kikombe kinachoingia kwenye uma kwa kidole si neema. Kikombe lazima kiingie kwa kukandamizwa. Kikilegea, ama krosi ni nyembamba ama tundu la uma limelika. Ukikizungushia bati, bati litasagika katika kilomita chache, kikombe kitaanza kucheza, saklipi itaruka. Ukikichomelea, moto wa kuchomea utaharibu ugumu wa chuma cha kikombe na kuunguza grisi na sindano, na siku ya kubadilisha utalazimika kuukata uma. Uma ukiwa umelika dawa yake ni uma mwingine.

Tena, kabla propela haijatolewa, ipigwe alama kwa chokaa au rangi pande zote za kila kiungo. Nyuma za kila kipande zina mpangilio wake. Ukirudisha kipande kimegeuka hatua moja kwenye meno yake, lori litatetemeka, na lawama itaiendea krosi mpya isiyo na kosa.

Tahadhari ya krosi za shambani

Njoro ni nchi ya ngano na shayiri. Huko ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na kituo cha utafiti wa ngano chenye historia ndefu. Matrekta ni mengi, na shafti zinazopeleka nguvu kutoka trekta hadi kwenye mashine za shambani pia zina krosi. Kwa hivyo maduka ya sehemu hizo huwa na krosi za shambani kwa wingi.

Hatari ni kwamba baadhi yake zinalingana vipimo na za magari. Kuna krosi ya trekta ya milimita 30.2 kwa 92, ambayo ukiiweka kando ya ile ya 1350 utadhani ni pacha. Lakini shafti ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, au 1,000. Propela ya lori kwenye barabara kuu huzunguka zaidi ya mara 2,000. Kuingia ni jambo moja, kustahimili ni jingine. Muulize muuzaji waziwazi kama krosi ni ya gari au ya shamba, na kama hana jibu, tafuta duka jingine.

Hili si la viazi tu

Nimetaja viazi na tajiri, lakini yanayoniuma zaidi ni roho za watu. Malori mengi ya Kijapani ya uzani mdogo na wa kati, kama Isuzu za mfululizo wa N na Canter, yana breki ya mkono iliyofungwa nyuma ya giaboksi. Breki hiyo haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika propela, na propela ndiyo inayoshika magurudumu. Sasa fikiria: krosi ikikatika mlimani, breki ya mkono haina inachoshika. Injini nayo haiwezi tena kusaidia kupunguza mwendo, kwa sababu imetengana na magurudumu. Dereva amebaki na breki ya mguu peke yake, akiwa na tani kadhaa mgongoni. Na propela iliyokatika ikiendelea kujipiga chini ya gari inaweza kukata mabomba ya breki hiyo hiyo.

Barabara za upande huo hazisamehi. Ukitoka Mau Narok unateremka. Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kila Mkenya ameyasikia majina hayo kwa misiba ya malori yaliyoshindwa kupunguza mwendo. Madereva wamekatazwa mara ngapi kuteremka mlima gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta? Krosi iliyokatika hufanya jambo lile lile bila ya ruhusa ya dereva.

Hatari hiyo inamfuata fundi pia. Ukitoa propela kwenye lori la aina hii, umeondoa breki ya mkono. Lori lililosimama kwenye mteremko mdogo tu linaweza kuanza kutembea na mtu yuko chini yake. Kabari za mbao au mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, na propela ishikiliwe isimwangukie mtu kifuani. Pale Njoro mawe yalikuwapo, alhamdulillahi. Yule kijana alifunzwa vizuri.

Dalili na matunzo

Krosi haifi ghafla bila ya kutoa habari. Husikika ikigonga unapotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele. Hulia kama ndege lori likianza kutembea polepole. Lori hutetemeka kwenye mwendo fulani, na unga wa kutu mwekundu huonekana kandokando ya vikombe. Ukiona unga huo, sindano zimekauka. Shika propela kwa mikono miwili, izungushe huku na huku. Ukiona uma unatembea na msalaba umebaki, wakati umefika.

Grisi itiwe hadi mpya ionekane ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, hicho ndicho kitakachokulaza njiani.

Kinachotakiwa

Miaka michache iliyopita serikali ilitoa kanuni za viazi za mwaka 2019, ikaweka gunia la kilo 50 na kupiga marufuku lile gunia lenye kilemba. Sababu ilikuwa kwamba mkulima na mnunuzi walikuwa wakiuziana kwa jina, "gunia", bila ya kujua lina kiasi gani ndani. Anayepata hasara katika biashara ya namna hiyo ni yule asiyepima. Krosi nayo tunauziana hivyo hivyo, kwa jina la gari.

Dawa yake haihitaji kanuni ya serikali. Mwenye lori, siku gari likiwa gereji kwa jambo lolote, mwambie fundi akupimie krosi zote, ya mbele, ya kati na ya nyuma. Andika upana, urefu, aina ya saklipi na mahali pa nipo kwenye kadi, ibandike ndani ya mlango wa dereva, na nyingine kaa nayo nyumbani. Ukibadilisha propela au uma, badilisha na kadi. Dereva anayesafiri bara abebe krosi moja ya akiba iliyokwisha kupimwa, na saklipi zake. Muuzaji wa spea awe na kalipa juu ya meza kama muuza nyama alivyo na mizani, na awe wa kwanza kuuliza kipimo. Na vijana wetu wanaotoka vyuo vya ufundi, kalipa iwe chombo chao cha kwanza kununua kabla ya nyundo.

Madereva wetu wako njiani usiku na mchana ili meza zetu zisikose chakula. Haki yao ndogo kabisa ni kwamba chuma kinachozungusha magurudumu yao kiwe kimepimwa.